Kutoka Udi hadi Unga wa Ngano: Kuvu Zinavyotupa Harufu na Vitamini

Mti wa udi ukiwa mzima haunukii. Ukiupasua utakuta mbao nyeupe, nyepesi, isiyomshughulisha mfanyabiashara yeyote. Kinachoufanya uwe udi, ule unaopimwa kwa gramu madukani Mji wa Kale wa Mombasa na kufukizwa kwenye vyetezo siku ya harusi, ni maradhi. Mti huo, Aquilaria kwa jina la wataalamu wa mimea, kwao ni Assam, Vietnam, Kambodia, Malaysia na Indonesia. Ukitobolewa na wadudu au ukivunjika tawi, kuvu huingia kwenye kidonda, na mti hujihami kwa kutoa utomvu mzito unaoigeuza mbao kuwa nyeusi. Utomvu huo ndio tunaouchoma. Zamani watu waliusaka msituni, wakaangusha miti mingi mizima ili kuupata mmoja uliougua, hata aina ya Aquilaria malaccensis ikawekwa mwaka 1995 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Jamii yake yote ikafuata mwaka 2005. Leo wenye mashamba hawangoji bahati: hulitoboa shina kwa keekee na kuitia kuvu kwa makusudi.

Naanzia kwenye udi kwa sababu limezuka neno jipya katika biashara ya manukato, kwamba harufu, na hata vitamini, sasa zinatengenezwa kwa kuvu zinazochachushwa ndani ya matangi. Wasikilizaji hugawanyika. Mmoja hukunja pua: ukungu, kwenye marashi ya kujipaka? Mwingine hukubali kila aambiwalo, akatoa pesa zaidi kwa sababu tu chupa imeandikwa kwamba ni ya uchachushaji. Wote wawili wamechanganyiwa mambo yasiyofanana. Udi ni kazi ya kuvu lakini si uchachushaji: kuvu huchokoza tu, na mti ndio unaotengeneza harufu. Tangi ni habari nyingine, na ndani ya tangi lenyewe mna kazi za namna tatu. Ukizitenganisha utaona wazi ni lini kuvu inaweza kuchukua nafasi ya mmea na ni lini inauiga kwa mbali tu.

Waridi ndani ya hamira

Kuvu ni jamii pana. Uyoga umo, ukungu wa kijani kwenye mkate uliosahauliwa umo, na hamira ya mahamri imo pia, ingawa yenyewe ni seli moja-moja zisizoonekana kwa macho. Kuvu haili kama mnyama. Nyingi humwaga vimeng'enya nje ya mwili wao, chakula kikayeyuka pale kilipo, kisha zikakifyonza. Maisha yao ni kemia mfululizo, na masazo ya kemia hiyo ndiyo harufu tuzijuazo: ya unga uliofura, ya tembo la mnazi lililokaa mpaka jioni, ya chumba kisichopata hewa msimu wa mvua.

Masazo mojawapo ni harufu ya waridi, na kuyavuna hivyo ndiyo kazi ya kwanza ya kuvu tangini. Mwaka 1907 mkemia Mjerumani Felix Ehrlich alieleza njia ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Hamira inahitaji naitrojeni ili ikue. Ikikosa chanzo chepesi, huichukua asidi amino iitwayo fenilalanini, ikaipokonya naitrojeni, na kilichobaki ikakitupa nje kikiwa feniletanoli. Hiyo feniletanoli ndiyo molekuli inayolipa ua la waridi sehemu kubwa ya harufu yake. Hamira ya mahamri huitoa, ila kwa uchache mno, na iliki na tui la nazi huifunika. Kiwandani wanachofanya ni kuilisha hamira fenilalanini nyingi na kuinyima naitrojeni ya namna nyingine, ili isiwe na budi kuifuata njia ya Ehrlich.

Anayejua mrashi atapapenda hapa. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji takriban tani 3 hadi 5 za maua, na ndiyo maana bei yake haishikiki. Lakini feniletanoli huyeyuka majini kiasi. Maua yanapokenekwa kwa mvuke, sehemu kubwa ya molekuli hiyo haipandi kwenye mafuta bali hubaki kwenye maji. Kwa hiyo marashi ya waridi tunayonyunyiziwa mlangoni kwenye harusi yana feniletanoli kwa wingi, ilhali mafuta ya gharama yaliyotoka kwenye maua yaleyale yana chembe tu, na harufu yake inabebwa zaidi na molekuli nyingine. Ndiyo sababu hamira inayaiga marashi kwa karibu kuliko inavyoyaiga mafuta.

Tatizo ni kwamba harufu nyingi ni sumu kwa anayezitengeneza. Feniletanoli ikifika gramu chache tu kwa lita, hamira hudumaa na kuanza kufa. Mafundi huizuia hali hiyo kwa kumimina safu ya mafuta juu ya mchanganyiko ili harufu ihamie huko, au kwa kuikamata inapotoka na hewa. Kuna kiwanda gani kingine ambako bidhaa inaweza kukuponyoka kupitia bomba la moshi huku majirani wakiifurahia bure? Gharama ya kuikamata na kuisafisha mara nyingi huishinda gharama ya kuitengeneza.

Kwa hiyo feniletanoli nyingi duniani bado inatoka kwenye kemikali za petroli, ambayo ni nafuu zaidi. Ya hamira hununuliwa na wanaotaka kuandika neno “asilia” kwenye pakiti. Kwa upande wa vyakula sheria inawaruhusu: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1334 ya mwaka 2008 inahesabu kionjo kuwa cha asili kikipatikana kwa njia za kimaumbile, kwa vimeng'enya, au kwa vijidudu, mradi malighafi yake imetoka kwenye mmea, mnyama au kijidudu. Tone la harufu ya waridi lililotoka kwenye tangi la chuma ni la asili. Molekuli ileile iliyotoka kwenye petroli si ya asili. Pua yako haitakuambia tofauti.

Mbarika, ambari na embe lililooza

Kazi ya pili ya kuvu ni kugeuza. Haijengi molekuli kutoka mwanzo. Inapokea kitu kilichotengenezwa na mmea na kukikata mahali panapotakiwa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mbarika, mmea unaojiotea ovyo kando ya barabara kuanzia Likoni hadi Kilifi, ambao mafuta yake wazee waliyatumia kama haluli.

Karibu asilimia 90 ya mafuta ya mbarika ni asidi moja tu, risinoleiki, yenye mnyororo wa kaboni 18. Juu ya kaboni ya 12 imeshikizwa oksijeni na hidrojeni, jambo lisilo la kawaida kwa asidi za mafuta. Sasa mpe mafuta hayo Yarrowia lipolytica, hamira inayopenda mafuta kuliko sukari. Yenyewe hula mnyororo kwa kuung'ata kaboni 2 kila mara kutoka upande mmoja. Baada ya mng'ato wa nne zimebaki kaboni 10, na ile oksijeni iliyokuwa kwenye kaboni ya 12 sasa iko kwenye ya 4. Hapo mnyororo unaweza kujikunja, mwanzo wake ukaishika oksijeni hiyo na kufunga duara. Duara hilo ni gama-dekalaktoni, harufu ya pichi. Mafuta ya haluli yamekuwa tunda.

Shida ni kwamba hamira haijui kuwa umeshapata ulichotaka. Ikiachwa huendelea kuitafuna ile molekuli ya kaboni 10. Watafiti walilazimika kuzima baadhi ya jeni za ulaji wake ili isimame mapema. Hata hivyo gama-dekalaktoni ni mojawapo ya harufu chache za kuvu zilizofanikiwa kweli sokoni. Kabla yake, kuipata kutoka kwenye matunda yenyewe ilikuwa anasa, kwa sababu tunda lina kiasi kidogo mno.

Ambari nayo imepita njia hiyo. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria Mwarabu aliyeandika katika karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani ya Zanji, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki, kuwa bora kupita zote. Ni kitu kinachotoka kwenye utumbo wa nyangumi aina ya kashaloti, kikaelea baharini miaka na miaka, jua na chumvi vikikibadilisha polepole hadi kikatoa harufu ile tamu ya bahari. Manukato ya kisasa hutegemea molekuli moja ya ambari, iitwayo ambroksi. Njia mojawapo ya kuipata ni kuanza na sklareoli, inayotolewa kwenye mmea wa jamii ya mrehani unaolimwa Ulaya. Hamira iitwayo Hyphozyma roseoniger huigeuza sklareoli kuwa kitu cha kati, kisha mkemia hukimalizia kwa kulifunga duara. Nyangumi haguswi.

Nazi je? Kuna ukungu wa udongoni, Trichoderma, unaouzwa madukani kwa wakulima kama kinga ya mizizi dhidi ya maradhi. Baadhi ya aina zake hunukia nazi waziwazi. Tangu mwaka 1972 inajulikana kwamba harufu hiyo ni pironi, molekuli ya duara, yenye mkia wa kaboni 5. Molekuli hiyo huwadumaza kuvu wengine. Ila nazi tunayoikuna sisi hupata harufu yake hasa kutoka kwa laktoni, molekuli za duara za jamii ya ile ya pichi. Pironi ya Trichoderma inanukia nazi bila kuwa ya nazi. Kwa mpishi wa Mombasa hilo ni tusi dogo. Kwa mtengenezaji wa peremende ni biashara.

Na kuna kuvu moja inayostahili kujulikana na kila aendaye Marikiti. Embe linapoanza kuoza kuanzia kikonyoni, likazunguka kwa weusi hadi likalainika lote, mara nyingi mhusika ni Lasiodiplodia theobromae. Mwaka 1971 watafiti waliipata asidi ya jasmoni kwenye kuvu hiyohiyo, na asidi hiyo ikiongezewa kipande kidogo cha kaboni huwa methili jasmoneti, molekuli iliyogunduliwa miaka tisa kabla yake ndani ya mafuta ya asmini. Kuvu hiyohiyo imo miongoni mwa zinazoambukizwa miti ya udi. Embe bovu, vikuba vya bibi harusi na chetezo vimekutana kwa kiumbe mmoja. Jasmoneti, kwa mmea, ni ishara ya hatari: mmea ukijeruhiwa huitoa ili kuamsha kinga zake. Kuvu imejifunza kuongea lugha ya mmea inaoushambulia.

Mafuta si molekuli

Hapo sasa ndipo maneno ya chupani yanapopotosha. Mafuta ya manukato, kwa jinsi viwango vya kimataifa vinavyoyaeleza, ni yale yanayotolewa kwenye mmea kwa mvuke au kwa kukamuliwa. Ya langilangi ya Komoro, ya karafuu ya Pemba, ya waridi: kila moja ni mchanganyiko wa molekuli nyingi, mengine mamia. Kuvu haitoi mchanganyiko huo. Inatoa molekuli moja, au chache. Anayekuuzia “mafuta ya waridi ya uchachushaji” anakuuzia fidla moja akaiita taarab kamili.

Sisemi hivyo kwa kuidharau fidla. Manukato mengi ya viwandani yametungwa kwa molekuli moja-moja, na mtungaji hodari hupendelea kujua hasa alichokiweka. Mafuta ya shambani hubadilika kwa mvua, kwa udongo, kwa saa ya kuchuma. Ya tangi hayabadiliki. Lakini aliyezoea udi wa kweli, wenye jamii mbili kubwa za molekuli, seskwiterpeni na kromoni, zilizotengenezwa na mti kwa miaka, hataridhishwa na kitu kilichokamilika kwa siku tano. Na bei isimdanganye: bidhaa ya tangi inapaswa kuwa nafuu kuliko ya mti, si ghali zaidi.

Namna ya tatu ya kazi ya kuvu ndiyo inayotangazwa zaidi sasa, nayo ni kujenga molekuli kutoka kwenye sukari tupu kwa kutumia hamira iliyobadilishwa jeni. Hamira yoyote hutengeneza kitu chenye kaboni 15, kiitwacho farnesili, kwa sababu inakihitaji kujengea ergosteroli, kijenzi cha utando wa seli yake. Ukiitilia jeni kutoka kwenye mmea, sehemu ya farnesili huacha njia yake ya kawaida na kugeuka harufu. Kampuni ya Amyris ya Marekani, iliyotokana na kazi ya mwanasayansi Jay Keasling ya kuifanya hamira itoe malighafi ya dawa ya malaria artemisinini, ilipeleka ufundi huo Brazili kwenye miwa, ikatengeneza farnesini kwa tani. Kutokana na farnesini hupatikana ambroksi. Kutokana na farnesini hiyohiyo viwanda vya Uchina hutengeneza vitamini E.

Huo ndio undugu wa mambo haya mawili, harufu na vitamini, ambao ukiambiwa kwa haraka unaonekana kama mchanganyiko wa duka la jumla. Karotini (rangi ya karoti), ergosteroli, farnesini, sehemu ya harufu ya udi: vyote vimejengwa kwa matofali yaleyale ya kaboni 5. Karotini ikikatwa mahali fulani hutoa vitamini A. Ikikatwa pembeni kidogo hutoa ayononi, mojawapo ya harufu za chai nyeusi.

Vitamini, ambako molekuli moja inatosha

Kwa vitamini hoja yangu ya fidla haina kazi, maana mwili hauhitaji kikundi. Riboflavini, yaani vitamini B2, ni molekuli moja. Iliyotoka kwenye ini, kwenye maziwa au kwenye kuvu, kimeng'enya cha mwilini hakiitofautishi. Hapa kuvu haiigi mmea. Inafanya kazi nzima.

Kuvu yenyewe ilianza kwa sifa mbaya. Ashbya gossypii ni maradhi ya pamba, yanayosambazwa na wadudu wanaofyonza vitumba na kuzichafua nyuzi. Ukiiotesha maabara inageuka njano kabisa, kwa sababu hutengeneza riboflavini kupita mahitaji yake, hata fuwele zikaonekana ndani ya nyuzi zake. Mwaka 1990 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuitumia kiwandani, ikiilisha mafuta ya mimea. Kabla ya hapo riboflavini ilitengenezwa kwa hatua nyingi za kemia. Katika miaka iliyofuata njia ya vijidudu, kuvu kwa wengine na bakteria kwa wengine, ikaifuta njia ya kemia karibu kabisa. Sijui ushindi mwingine wa uchachushaji ulio wazi namna hii.

Nawe huenda umeila asubuhi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inavilazimisha viwanda kurutubisha unga wa ngano na wa mahindi kwa vitamini na madini, riboflavini ikiwamo, na mafuta ya kupikia kwa vitamini A. Mahamri ya leo yana hamira mara mbili kwa maana fulani: ile uliyoitia wewe, na kazi ya vijidudu vilivyotia vitamini kiwandani. Anayepungukiwa na B2 hupasuka pembe za midomo. Tena usiyaache maziwa juani ndani ya chupa nyeupe, maana mwanga unaiharibu riboflavini upesi.

Vitamini D ni kinyume: hiyo inataka jua. Ergosteroli niliyoitaja, iliyopewa jina kwa kuvu ya nafaka ambamo Mfaransa Charles Tanret aliipata mwaka 1889, ikipigwa na miale ya urujuanimno hugeuka vitamini D2. Harry Steenbock wa Wisconsin alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba chakula kilichomulikwa miale hiyo huwakinga panya na matege, na Adolf Windaus akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1928 kwa kazi yake juu ya jamii hiyo ya molekuli. Viwanda bado humulika hamira. Nyumbani ni rahisi zaidi: kata uyoga vipande, uweke juani saa sita mchana, si nyuma ya kioo cha dirisha kwa kuwa kioo huzuia miale inayohitajika, na ergosteroli yake itageuka. Jua la Mombasa linatosha mwaka mzima. Lakini niseme pia kwamba D2 ya kuvu haidumu mwilini kama D3, inayopatikana kwa samaki au kwa mafuta ya sufu ya kondoo. Mgonjwa afuate agizo la daktari wake.

Beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ina kisa chake. Ukungu Blakeslea trispora una jinsia mbili zisizo dume wala jike, na wataalamu wakaziita chanya na hasi. Kila moja ikioteshwa peke yake hutoa karotini kidogo. Zikioteshwa pamoja hutoa nyingi mno, kwa sababu karotini ndiyo malighafi ya homoni inayoziita zikutane, na homoni hiyo haikamiliki mpaka kila upande uongeze kipande chake. Kiwanda, kwa maneno mengine, huandaa harusi na kuchukua mahari. Jina la ukungu huo linatokana na Albert Blakeslee, aliyegundua jinsia hizo katika jamaa za ukungu wa mkate mwaka 1904.

Si kila vitamini ni ya kuvu, na wauzaji wa virutubisho hulisahau hilo. B12 hutengenezwa na bakteria. Hakuna kuvu wala mmea unaoiweza, kwa hiyo hamira iliyoandikwa kuwa na B12 imetiliwa. Vitamini C ya viwandani hupitia kwa bakteria. B1 na niasini ni kemia. Na vitamini E ya farnesini, ingawa farnesini ilitoka kwenye hamira, humaliziwa kwa kemia na kuwa mchanganyiko wa maumbo manane, ilhali ya mimea ina umbo moja. Hapo tu ndipo mwenye kulipa zaidi kwa ya mimea ana hoja.

Je, Mombasa?

Kenya si mgeni wa matangi. Muhoroni kuna kiwanda kinachotumia molasi ya miwa kutengeneza spiriti na hamira. Pwani kuna molasi ya Kwale, kuna maganda ya muhogo, kuna mbarika usiolimwa na mtu. Watafiti wa Brazili wameshaotesha kuvu kwenye makapi ya muhogo na maganda ya kahawa, wakapata harufu za ndizi na nanasi.

Kinachotusumbua ni joto. Uchachushaji wenyewe hutoa joto, na kuvu nyingi hutaka nyuzi 28 hadi 30. Ulaya hupoza tangi kwa maji ya mto. Mombasa hata bahari ina nyuzi 25 hadi 30, kwa hiyo upozaji ni umeme mtupu. Hamira moja hunipa matumaini: Kluyveromyces marxianus, inayokua zaidi ya nyuzi 40 na kutoa feniletanoli vizuri. Ningekuwa na mtaji ningeanzia kwake. Nisingegusa vitamini, ambazo bei yake imeshushwa na viwanda vikubwa vya Asia na Ulaya. Nisingeigusa farnesini pia: Amyris, pamoja na sayansi yake yote, iliomba ulinzi wa mufilisi Agosti 2023.

Na ningemkataza kabisa anayetaka kujaribu jikoni. Ukungu unaojiotea kwenye mahindi au karanga katika unyevu wetu unaweza kuwa Aspergillus flavus, wenye sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwafanya watu 317 waugue na kuua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Binamu yake, Aspergillus niger, ule weusi kwenye maganda ya kitunguu, ndiye anayetutengenezea ndimu ya unga, tangu James Currie alipoonyesha njia mwaka 1917. Lakini kiwanda hutumia uzao uliochunguzwa, katika tangi lililochemshwa, na mwishoni humchuja ukungu wote. Kwa macho na kwa pua huwezi kujua ni binamu yupi aliyeingia kwenye sufuria yako. Mbarika nao una hadhari yake: mafuta yakishakamuliwa, sumu ya risini hubaki kwenye mashudu, na mashudu hayo hayapewi mbuzi wala kuku.